Chupa ya Marashi ya Shilingi Laki Tisa



Likizo iliyopita sisi mafrateri watatu wa mwaka wa pili wa falsafa tulipanda boti Dar es Salaam kwenda Unguja tukiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na shilingi 930,000. Nyingine tulichanga darasani, nyingine zilitoka kwa waamini wa parokia ambako mlezi wetu mmoja aliwahi kuwa paroko. Mlezi huyo anatimiza miaka 25 ya upadre mwaka huu, na darasa lilitutuma tumtafutie zawadi "ya maana", kitu ambacho hakipatikani Kariakoo. Mmoja wetu ana shangazi yake Unguja, ndiyo sababu tulichaguliwa. Kuhusu vitu vya kale hakuna kati yetu aliyejua lolote.

Tulirudi na bahasha ikiwa nzima, na tangu siku hiyo darasa limegawanyika. Tumeambiwa tujieleze. Tumeona tujieleze hapa, mbele ya waamini pia, kwa kuwa sehemu ya fedha ile ni yao.

Anayeijua Mji Mkongwe anajua vichochoro vya Gizenga na Hurumzi, jinsi maduka yanavyokaa bega kwa bega: kanga, picha za tingatinga, masanduku ya misumari ya shaba, saa za ukutani zisizotembea, vyetezo, mabirika ya kahawa. Duka tuliloingia hatutalitaja. Mwenyewe alitukaribisha vizuri, akatuuliza kama sisi ni walimu, na tulipomwambia tunatafuta zawadi ya mtu mzima tunayemheshimu akapanda ngazi, akashuka na kitu kilichofungwa gazeti.

Ilikuwa chupa ndogo ya kauri, urefu wake kama kiganja cha mkono. Nyeupe, yenye maua ya buluu na waridi, ukingo wa dhahabu uliofifia, na kizibo cha shaba kilichofungwa kwa mnyororo mwembamba. Chupa ya marashi. Hatutadanganya, ilikuwa nzuri. Mmoja wetu, yule anayetuchorea kadi za Krismasi, aliishika kwa mikono miwili akanyamaza kabisa, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Bei ya kwanza ilikuwa 1,400,000. Mwenye duka alisema ni ya Uchina. Alipoona tunaigeuza chini kutafuta alama, ikawa ya Ujerumani, iliyokuja kwa meli enzi za Sayyid Barghash. Chini kweli kulikuwa na panga mbili zilizopishana kwa rangi ya buluu. Baadaye tulisoma kuwa hiyo ni alama ya Meissen, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1710 huko Saksonia, na kwamba ni moja ya alama zilizoigwa zaidi duniani, tangu zamani hizo hizo. Kwa hiyo ile chupa inaweza kuwa na miaka 250, au 100, au 15. Ilipofika 900,000 mwenye duka alisema hawezi kushuka tena hata kwa shilingi, maana hata yeye ana watoto. Tulimwomba atuwekee mpaka kesho.

Inafaa kueleza kidogo chupa za namna hii ni nini, maana darasani kuna waliodhani tunazungumzia chupa ya manukato ya kawaida. Kwa karne nyingi Ulaya haikujua kutengeneza kauri. Iliinunua kutoka Uchina kwa bei ya kutisha. Pwani yetu iliipata mapema. Mabakuli ya Kichina yalijengewa kwenye kuta za misikiti na kwenye makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi na Gedi, na katika nyumba za Lamu na Unguja yalipangwa kwenye vidaka vya ukutani. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 anaeleza kuta za vyumba zilizojaa vidaka vyenye bilauri, sahani na vyombo vya kauri, na jinsi watu walivyokuwa tayari kulipa bei yoyote ilimradi kitu kizuri. Wazungu walipoijua siri ya kauri katika karne ya 18, miongoni mwa vitu walivyovitengeneza kwa ajili ya matajiri ni vichupa vya marashi. Kiwanda cha Chelsea, London, kilitengeneza vichupa vyenye umbo la ndege, maua na wapenzi, vikiwa na maneno ya mapenzi kwa Kifaransa, mara nyingi yenye makosa ya tahajia. Mtu alimpa mchumba wake, au mgeni alimpa mwenyeji mkubwa. Kauri ilifaa kazi hiyo: hainywi harufu, na mtu akiishika anahisi baridi yake.

Lugha yetu nayo ina jambo la kuchekesha hapa. Kauri ni konokono wa baharini, na kauri ni udongo huo mweupe. Waitaliano nao walifanya vivyo hivyo. Neno lao porcellana lilikuwa la konokono kabla halijawa la sahani. Watu wawili wasioonana wameangalia kitu kimoja wakafikiri jambo moja. Mwalimu wetu wa falsafa ya lugha atatusamehe tukimwachia hilo.

Jioni ile shangazi alitupeleka kwa jirani yake, bibi mmoja wa Kiislamu mwenye umri unaozidi miaka themanini, ili, kama alivyosema, "mkapewe akili." Shangazi ameishi naye ukuta kwa ukuta miaka thelathini. Ramadhani sahani ya futari inavuka kuja kwa shangazi. Krismasi sahani ile ile inavuka kurudi, na hairudi tupu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wanangu. Hawa ndio mapadri wako?"

"Bado, Bibi. Ni mafrateri. Wanasoma."

"Someni. Msije mkawa kama wale wanaohubiri hawajasoma."

Tulimweleza habari za chupa. Alisikiliza, akauliza ina ukubwa gani, ina maua gani, kizibo kina mnyororo au hakina. Halafu akamtuma mjukuu wake ndani. Mtoto alirudi na mrashi wa shaba: tumbo la mviringo, shingo ndefu kama ya korongo, kichwa chenye vitundu. Umepondeka upande mmoja. Bibi alisema mrashi ule umenyunyiza watu kwenye harusi ya mama yake, harusi yake, harusi za binti zake wote, maulidi zisizohesabika, na maiti ya mumewe. Marashi ya mawaridi alikuwa akiletewa kutoka Oman, ya Jabal Akhdar, enzi ambazo jamaa zake walikuwa wakija na kwenda. Siku hizi ananunua Darajani yanayopatikana.

"Nilikuwa na ya kauri pia," alisema. "Mbili. Zilikuwa zinakaa kidakani. Niliziuza mwaka niliopasuliwa jicho."

Tulimuuliza aliuza kwa kiasi gani. Alitaja kiasi ambacho hatutakiandika, kwa sababu anayemfahamu mnunuzi atatambua, na kwa sababu kinatia aibu. Hakikufika hata robo ya ile laki tisa. Wala hakulalamika. Alisema jicho linaona, na chupa zile hazikuwa na kazi. "Hizi hazikuwa zinatiwa kitu, wanangu. Ukitia marashi unaogopa kuyamimina usije ukaivunja. Mrashi huu mimi naubwaga tu."

Hatusemi kwamba chupa ya dukani ilikuwa yake. Maua aliyoyataja hayakuwa yale. Lakini usiku ule hatukulala mapema. Kila kitu kizuri kilichofungwa gazeti katika maduka yale kilitoka kwenye kidaka cha mtu, na mara nyingi kilitoka siku ambayo mtu huyo hakuwa na njia nyingine: jicho, ada, mazishi, nyumba inayovuja, safari ya mwaka 1964 ambayo mtu aliondoka na alichoweza kubeba. Hapo kuna biashara halali, na mwenye duka naye anakula. Lakini anayepokea zawadi hiyo kwenye ukumbi wenye puto na keki hasimuliwi sehemu hiyo.

Sasa turudi kwenye bahasha yetu, maana kosa kubwa tuliligundua humo, wala si dukani. Pamoja na fedha za parokia mlikuwa na karatasi. Ni orodha ya jumuiya moja ndogo ndogo, majina ishirini na kitu, kila familia imepangiwa shilingi 10,000. Mbele ya kila jina kuna alama ya vema, au kiasi kilichobaki. Mbele ya jina la mama mmoja imeandikwa: "5,000. Bado 5,000." Mama huyo tunamfahamu. Anauza vitumbua nje ya geti la parokia asubuhi, na tulipokuwa pale kwa mazoezi ya kichungaji alikuwa akituongezea kimoja bure kila mara, akisema tumwombee. Kwa hiyo kwenye chupa ya kauri tuliyotaka kumnunulia padre mngekuwa na elfu tano ya mama wa vitumbua, na deni la elfu tano juu yake.

Waamini mnaosoma, ninyi mnajua mambo haya kuliko sisi. Mnajua jubilei ya fedha ilivyo: mshereheshaji na kipaza sauti, jumuiya zinaitwa moja moja, zinapita mbele zikicheza na mbuzi, vitenge, magodoro, bahasha, na jumuiya iliyoleta kidogo inapigiwa makofi machache. Mengi katika sherehe hiyo ni mema. Watu wanampenda padre wao, aliyewabatizia watoto na kuwazikia wazee, na upendo unataka mikono iliyoshika kitu. Hatupingi zawadi. Tunapinga orodha. Tunapinga pia ule mwendo ambao zawadi hupanda kila mwaka, kwa sababu parokia ya jirani mwaka jana ilitoa hiki, basi sisi tutoe kile. Ndiyo njia iliyotufikisha sisi, wana wa wakulima, kwenye duka la vitu vya kale tukitafuta panga za Meissen.

Aristotle, ambaye muhula huu tunamsoma kwa jasho, katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako anatenga fadhila mbili za matumizi ya mali. Moja ni ukarimu. Nyingine ni ile ya kutumia mali nyingi kwa jambo kubwa kwa namna inayofaa. Wengi hudhani mwanafalsafa anawabeza wanaotumia sana. Sivyo. Anasema kuna mambo yanayostahili gharama kubwa: hekalu, sadaka kwa miungu, huduma kwa mji mzima. Anayekosea ni yule anayetumia makubwa mahali padogo ili aonekane. Mfano wake ni mtu anayewaandalia wenzake wa chama karamu ya kiwango cha harusi. Tulipofika hapo darasani watu walicheka, kila mtu akimfikiria mtu wake. Na kuhusu ukarimu anasema haupimwi kwa wingi wa kilichotolewa, unapimwa kwa hali ya mtoaji, hivyo aliyetoa kidogo anaweza kuwa mkarimu kumzidi aliyetoa kingi. Huyu ni mpagani aliyeishi miaka mia tatu na zaidi kabla ya mjane wa hekaluni na senti zake mbili. Tukimpima mama wa vitumbua kwa kipimo hicho, hana "bado" yoyote.

Unguja yenyewe ina kisa cha zawadi ya marashi ambacho tunatamani kingesomwa katika kila kikao cha maandalizi ya jubilei. Mapema mwaka 1840 meli ya Sultani Said bin Sultan, iliyoitwa Sultana, iling'oa nanga Unguja chini ya nahodha Ahmad bin Na'aman, ikafika New York mwishoni mwa Aprili. Ilibeba bidhaa za biashara na zawadi kwa Rais wa Marekani, Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali za kashmiri, zulia la Kiajemi, upanga, mafuta ya waridi na madumu ya marashi ya mawaridi. Zawadi za kifalme. Rais alishukuru, akasema hawezi kuzichukua, kwa sababu katiba ya nchi yake inamkataza mwenye ofisi kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila ridhaa ya bunge. Jambo likapelekwa bungeni. Ikaamuliwa zipokewe kama mali ya serikali. Farasi wakauzwa mnadani, fedha ikaingia hazina.

Kuna anayesema huo ni ubaridi wa Kizungu, mtu kaja na waridi wewe unamletea katiba. Sisi tunaona heshima ndani yake. Sultani hakudharauliwa, meli yake ilikarabatiwa na wenyeji kabla ya kurudi. Lakini walijua kwamba zawadi kubwa kwa mwenye madaraka ina kamba, hata kama aliyeitoa hakuifunga yeye. Padre ana madaraka. Anaamua nani atangazwe, nani asubiri ndoa, mtoto wa nani aingie shule ya parokia. Familia iliyompa kitu kikubwa haitadai chochote kwa mdomo. Itasimama tu karibu na mlango wa ofisi, na yeye ataiona kabla hajawaona wengine. Tunasema hivyo bila kumnyooshea padre yeyote kidole. Tunajisema wenyewe wa miaka sita ijayo, Mungu akitujalia, maana hivi sasa mtu akituongezea kitumbua tayari tunamkumbuka kwenye sala kuliko asiyetuongezea.

Hapo ndipo tulipofika jioni ya pili, tukijiona wenye hekima, yule mchoraji wetu alipotuvuruga. Alisema: "Yuda naye alizungumzia maskini."

Tulikaa na neno hilo siku mbili, na bado hatujalimaliza. Kule Bethania Maria, dada wa Lazaro, alitumia ratili nzima ya nardo safi kuipaka miguu ya Yesu. Yuda akapiga hesabu: dinari mia tatu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, hivyo ni karibu mwaka mzima wa kazi uliomwagika sakafuni. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na Yesu alisimama upande wa Maria. Yohane anaongeza kwamba Yuda ndiye aliyeshika mfuko, naye alikuwa mwizi. Mwenzetu aliendelea: Kanisa halikuwahi kuogopa uzuri. Alhamisi Kuu askofu huchanganya mafuta ya mzeituni na balsamu ili Krisma inukie. Mtoto anapakwa utosini, padre anapakwa viganjani, naye anaondoka akinukia. Kama tunataka kila kitu kipimwe kwa bei ya unga, tuanze na minara ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale Mji Mkongwe, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 wakati watu walikuwa na njaa pia. Na mmoja wetu alikiri usiku ule kwamba yeye alipinga chupa kwa sababu mlezi huyo aliwahi kumnyima ruhusa ya kwenda kwenye harusi ya dada yake. Maskini walikuwa kisingizio. Tumepewa ruhusa naye kuliandika hilo, kwa sharti tusimtaje ni nani kati ya watatu.

Basi hatuwezi kusema tu "ziuzwe wapewe maskini," tukaenda kulala. Lakini tukisoma Injili polepole, tunaona mambo mawili ambayo chupa yetu haina. Kwanza, Maria alitoa chake. Hakupita nyumba kwa nyumba Bethania na orodha. Pili, Marko, anayesimulia kisa kinachofanana na hicho bila kumtaja mwanamke jina, anasema chupa ilikuwa ya alabasta na mwanamke aliivunja. Pliny, Mrumi wa karne ile ile, anaandika kwamba marashi hutunzwa vizuri zaidi ndani ya alabasta. Kwa hiyo chombo chenyewe kilikuwa cha thamani. Na kikavunjwa. Hakuna aliyekusanya vipande akaviweka kidakani. Kilichobaki nyumbani mle, Yohane anasema, ni harufu.

Chupa ya shilingi laki tisa ni tupu. Tuliinusa. Haina hata kumbukumbu ya marashi, na kauri ndivyo ilivyo, hainywi. Anayepewa ataiweka kwenye kabati la vioo karibu na vikombe vya michezo vya seminari aliyosoma. Hataitumia kwa lolote, ataogopa kuivunja. Na mjomba wa mtoto mtundu atakapokuja na mtoto wake, mtoto ataambiwa usiguse. Tunamwambia mwenzetu mchoraji, kwa upendo, kwamba uzuri alioutetea yeye ni ule wa Krisma, unaoisha kwa kutumika na kupakwa mtu. Kitu tulichokuwa tunanunua sisi kilikuwa cha kukaa.

Tena Kanisa limewahi kupima vyombo kwa watu. Baada ya vita vya Adrianopoli mwaka 378 Wagothi walichukua mateka wengi, na Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano, aliyeyusha vyombo vitakatifu vya kanisa lake ili kuwakomboa. Wapinzani wake walimshambulia. Yeye alijibu kwamba Kanisa lina dhahabu ili litumie kusaidia, na hata akasema chombo kinang'aa zaidi kikiwa kimemtoa mtu utumwani. Sisi tulisoma habari hizo tukiwa mita chache kutoka Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofanya kazi Unguja tangu miaka ya 1860, kabla ya kufungua Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa wakikomboa watoto kwa fedha, na sehemu ya fedha hizo zilikuwa senti za watoto Wakatoliki wa Ulaya waliochanga kupitia Shirika la Utoto Mtakatifu. Kuna wasomi wanaouliza maswali magumu kuhusu ununuzi ule, nao wana haki. Lakini imani yetu hapa pwani ilianzia kwenye mchango mdogo uliotumwa mbali kwa ajili ya mtu asiyejulikana. Ingekuwa ajabu sana kama miaka mia na hamsini baadaye mchango mdogo ungepita njia hiyo hiyo kinyume, utoke kwa mama asiye na kitu, uishie kwenye kabati.

Tulirudi dukani asubuhi kumwambia mwenye duka asitusubiri. Hakukasirika. Alisema chupa itapata mtu wake, Waitaliano wanakuja mwezi wa saba. Jirani wa shangazi alitunyunyizia marashi kwa mrashi wake uliopondeka tulipokwenda kumuaga, kichwani na viganjani, akitucheka tulivyofumba macho. Mmoja wetu alikuwa bado ananukia tulipofika bandarini Malindi, na askari wa ukaguzi akamuuliza kama ametoka kuoa.

Sasa mapendekezo yetu, maana tumeambiwa tusilete falsafa tupu. Fedha za parokia zirudi, na wa kwanza kurudishiwa awe yule aliyeandikiwa "bado". Orodha tunayo, tutaipeleka wenyewe Jumapili. Fedha za darasa, ambazo ni shilingi 410,000, zibaki za jubilei. Elfu kumi na tano zitanunua marashi mazuri ya mawaridi Darajani, katika chupa yake ya kawaida ya dukani, na tumnyunyizie mlezi wetu siku hiyo mbele ya watu wote kama wanavyofanya majirani zetu wa Unguja, atacheka, tunamjua. Zinazobaki tumkabidhi mkononi, bila kutangaza kiasi kwenye kipaza sauti, azielekeze anakotaka, kwa sababu baada ya miaka 25 ya kusikiliza watu tunaamini anajua mahali penye shida kuliko sisi. Kama ataamua kununua viatu, anunue viatu. Vyake vimekwisha.

Wapo wanaosema pendekezo hili ni la kumwaibisha mlezi, kwamba wenzake watapewa makubwa naye atabaki na chupa ya plastiki. Mwakilishi wa darasa amesema jambo hili litapigiwa kura Jumamosi baada ya masifu ya jioni. Kwa hesabu yetu tuko kumi na nane dhidi ya ishirini, na watatu hawajasema. Yule mchoraji ni mmoja wa hao watatu.